Bi Nagona Auvisha Mgomba Vazi la Vita

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu, nasimulia polepole. Zamani hizo, bibi wa bibi zetu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji chenye ng'ombe wengi. Wavamizi wakaja kuiba ng'ombe, wakaua watu. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mtoto wa kwanza wa Bi Nagona, bibi mmoja mjane. Mungu akamwachia mmoja tu, Mlekwa.

Habari zikafika kwamba wavamizi watarudi baada ya siku nne. Fundi Sekwao akachukua ngozi za nyati, akazichovya katika maji ya moto, akazikausha, zikawa ngumu kama ubao. Akashona mavazi ya vita ishirini. Ukiligonga moja, ko! ko! ko! Vijana wakafurahi.

Bi Nagona akauliza, "Fundi, umeyajaribu kwa mkuki?"

"Weee, mama! Vazi jipya halichomwi. Kulichoma ni kumwita adui. Ndivyo mababu walivyotuachia."

"Na mimi nimeachiwa mtoto mmoja."

Akalichukua vazi la Mlekwa, akauvisha mgomba. Watu wakaangua kicheko.

"Bwana harusi huyo! Mtafutie mke, bibi!"

Bi Nagona akamwomba Mungu, kisha akamwambia mwanawe, "Piga mshale."

Ko! Mshale ukaanguka.

"Piga tena."

Ko! Vijana wakashangilia.

"Sasa shika mkuki. Sogea karibu, kama mtu anayetaka kukuua."

Mlekwa akasogea. Akachoma kwa nguvu zake zote. Chwaa! Mkuki ukazama, maji ya mgomba yakachuruzika.

Waliocheka wakausogelea mgomba.

Fundi Sekwao akapapasa lile tundu. "Kifuani nimeweka ngozi ya tumbo, mama. Hukunjika vizuri, lakini ni nyembamba. Ile nene ya mgongo nimeiweka nyuma."

"Basi fumua, mwanangu. Siku zipo."

Wakafumua. Wakashona upya, ngozi nene ikaja mbele. Mgomba ukavishwa kila vazi, likachomwa. Ko! ko! ko! Hakuna lililotoboka.

Siku ya nne wavamizi wakaja, vijana wakatoka. Bi Nagona akakaa mlangoni anaomba. Jua likapanda. Jua likashuka. Vijana wakarudi wakiswaga ng'ombe wao. Akawahesabu: mmoja, wawili, watatu... kumi na tisa. Akainuka.

Wa ishirini alikuwa nyuma kabisa, amebeba ndama.

Kifuani mwa vazi lake palikuwa na mkwaruzo wa mkuki. Mama akaingiza mkono chini ya ngozi. Pakavu. Akapapasa tena. Pakavu.

"Mama, unanitekenya!"

Bi Nagona akacheka, akalia, akasema, "Ahsante, Mungu wangu."

Basi, wanangu, chochote mtakachomvika mtoto wa mtu kimlinde, kichomeni kwanza nyinyi wenyewe, tena kwa nguvu za adui. Mgomba huchipua tena.

Hadithi naitua hapa. Mungu awarehemu waliotutangulia.