Tambi za Bi Umaima

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa zamani, mbali na bahari, palikuwa na nyumba ya wakfu walimokaa wajane wazee wasio na mtu wa kuwatazama. Aliyeiacha nyumba hiyo alikuwa tajiri mcha Mungu. Katika wasia wake aliagiza kwamba isiuzwe wala isirithiwe, na kwamba kila kilichomo, hata kijiko, ni mali ya Mwenyezi Mungu. Wakati wa kisa hiki walikuwamo wazee kumi na mmoja.

Mtunzaji wao aliitwa Raihana, mjane wa makamo, mwingi wa sala na mwepesi wa machozi. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mbali kwa mumewe, safari ya siku ishirini. Aliporudi alikuta kaburi limeshaota majani. Majirani walimweleza kwamba mama yake, hata wiki ya mwisho, alikuwa akijitekea maji kisimani, akipumzika kila hatua chache. Maneno hayo yalimkaa Raihana kifuani, hayakutoka.

Kwa hiyo siku alipokabidhiwa nyumba ya wajane alisimama uani, akanyanyua mikono, akasema mbele yao wote, "Naweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu. Maadamu niko hai, hakuna mama wa nyumba hii atakayeshika kazi tena. Nitawahudumia kwa mikono yangu hii miwili."

Wazee wakaitikia amina. Baadhi yao walilia kwa furaha.

Na kweli alitimiza. Alipaka kuta chokaa, akabadilisha mikeka, akampa kila mmoja blanketi jipya la sufu. Asubuhi walipata maziwa ya moto, mchana mkate na dengu. Aliwakanda miguu na kuwachana nywele. Zamani wazee hao walikuwa wakifagia wenyewe, wakichambua dengu na kugombana juu ya nani amemaliza maji ya mtungi. Raihana aliziondoa kazi zote hizo mikononi mwao. Watu wa mji walipopita mlangoni walisema, "Raihana ameshaijenga nyumba yake peponi."

Kati ya wazee hao alikuwamo Bi Umaima, aliyepita miaka themanini. Tangu alipofiwa na mumewe, kazi yake ilikuwa moja. Kila siku, baina ya adhuhuri na alasiri, alikaa karibu na dirisha akisokota tambi za pamba za taa za msikiti. Alizifunga kumi kumi, akampa mtu azipeleke. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, na hakuna aliyekumbuka alianza lini.

Raihana alipomwona akisokota, vidole vimepinda na vinatetemeka, moyo wake ulimwuma. Alipiga magoti mbele yake, akaichukua ile pamba taratibu.

"Mama yangu, mikono hii imechoka. Pumzika. Nitazisokota mimi."

Bi Umaima aliitazama pamba, kisha akamtazama yeye. "Zote, mwanangu?"

"Zote, mama."

Bi Umaima alikung'uta nyuzi zilizobaki mapajani. "Haya," akasema. "Mungu akulipe kheri."

Tangu siku ile tambi za msikiti zilisokotwa na Raihana. Zilikuwa zimenyooka kuliko za mwanzo, na watu walizisifu.

Lakini ile nyumba ilianza kunyamaza. Wazee walilala mchana, wakaamka, wakakaa wakitazama ukuta mweupe. Aliyebaki na maneno alikuwa Bi Jalila, mzee asiye na jino hata moja, ambaye ulimi wake haukupata kuzeeka.

"Raihana," alimwita siku moja, "bibi harusi hufungiwa ndani, akala, akakandwa, asiguse kazi, kwa sababu anamngoja bwana harusi. Sisi umetufungia tunamngoja nani? Izraili?"

"Astaghfirullah, Bi Jalila!"

"Basi angalau tutie hina, tusimwaibishe."

Wazee wawili walicheka. Raihana naye alicheka, akaenda zake jikoni. Hakuyatafakari maneno yale.

Miezi ikapita, Bi Umaima akaanza kukonda. Alirudisha mkate akiwa ameumega kidogo tu pembeni. Raihana alimwongezea asali, akamchemshia mchuzi wa kuku, akampaka mafuta ya habasoda kifuani. Mzee alishukuru kwa kila kitu, ila hakula. Siku hizo hizo Raihana aliona upande mmoja wa blanketi la Bi Umaima umeliwaliwa. Akadhani ni panya. Akaazima paka kwa jirani, na yule paka akafanya kazi ya kulala miguuni mwa mzee kutwa nzima.

"Panya wa nyumba hii ana adabu," alisema Bi Jalila. "Mablanketi kumi na moja, yeye anakula moja tu."

Raihana alimwuliza ana maana gani. Bi Jalila aligeukia ukutani, akajifanya amelala.

Asubuhi moja Raihana alikuwa akitoa magodoro juani. Bi Umaima alikuwa dhaifu sana, hawezi kusimama peke yake. Raihana alimwinua, akamkalisha kwenye kiti, akarudi kulikunja godoro lake. Chini yake alikuta tambi.

Hazikuwa za pamba. Zilikuwa za sufu, zimechomolewa katika lile blanketi uzi baada ya uzi na kusokotwa, zimefungwa kumi kumi kama zilivyokuwa zikipelekwa msikitini. Na sufu haifai kwa taa. Huungua kwa harufu mbaya, ikazimika.

Raihana alisimama amezishika. Aliposikia sauti nyuma yake, aligeuka, akamwona Bi Umaima amemnyooshea mikono kutoka kitini.

"Nisitiri, mwanangu," alisema mzee. "Usimwite shehe wa msikiti bado. Nimeharibu mali ya wakfu."

"Mama, ni blanketi tu."

"Si blanketi tu. Ni la Mungu lile, na mimi niko njiani kwenda kwake. Nitamwambia nini?" Alivuta pumzi. "Kila siku nilisema leo naacha. Lakini kila utambi nilikuwa nikiusokota kwa subhanallah moja. Miaka yote hiyo. Vidole vikikaa bure, ulimi nao unapotea, naanza na subhanallah, nasahau nilikuwa nasema nini. Nikachomoa uzi mmoja. Kisha mwingine. Nilipoona nimeliharibu, nikasema basi nisile mkate wa wakfu, huenda nikalifidia."

Raihana alikaa chini sakafuni, tambi zimo mapajani mwake. Kumbe ile mikate iliyorudi, ambayo yeye aliwamwagia ndege, ilikuwa toba ya mtu.

"Mbona hukuniambia, mama? Siku ile nilipoichukua pamba, mbona hukuniambia?"

Bi Umaima alimwekea mkono kichwani.

"Uliniita mama yangu," alisema. "Nikakutazama, nikaona huniangalii mimi. Unamwangalia mwingine, yule uliyemkosa. Mimi sikuwa na mali, mwanangu. Nilikuwa na pamba ile tu. Nikasema moyoni, acha nimpe, apoe. Lakini watu wakiwashiwa taa msikitini nilikuwa najua kwamba na changu kidogo kimo. Sasa taa zinawashwa, hakimo."

Wasimulizi wanasema Raihana aliinamisha kichwa mapajani mwa mzee. Alilia mpaka paka akaondoka.

Alasiri ile alikwenda msikitini kwa Shehe Mundhir, imamu wa mji ule, akasimama nyuma ya pazia la wanawake. Alikuwa na uwezo wa kusema kwamba mzee alimficha, au kwamba yeye alifanya kwa nia njema, na shehe angemsadiki. Lakini alieleza yote kama yalivyokuwa, na nadhiri yake, na sifa za watu zilivyokuwa zikimpendeza.

Shehe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwuliza, "Ulitaka thawabu, Raihana?"

"Ndiyo, shehe."

"Zote?"

Raihana akakumbuka nani alimwuliza neno hilo.

"Wanawake kumi na mmoja wako ukingoni mwa kaburi," alisema shehe kwa upole, "na kila siku iliyobaki kwao ni siku ya kuchuma. Wewe uliwafungia mikono ukachuma peke yako. Sisemi ulikusudia. Irudishe ile pamba. Nadhiri yako utaivunja, na kafara yake ni kulisha maskini kumi. Ama blanketi, lilipe wewe, kwani wewe ndiye uliyelichomoa."

Raihana alirudi, akatoa blanketi lake mwenyewe, zima, akaliweka kwa wakfu mahali pa lile bovu, na bovu akalichukua yeye. Akamwambia Bi Umaima, "Limelipwa, mama. Kula." Kisha akawakusanya wazee uani, akawaomba radhi mmoja mmoja, jambo lililomwia zito kuliko kufagia nyumba nzima.

"Nina kafara," alisema. "Natakiwa kuwalisha maskini kumi, na sitaki kuipika peke yangu. Nani atanisaidia?"

Bi Jalila akajikokota hadi kwenye ungo wa dengu. "Lete hapa," alisema. "Na huyo mwenye macho mabovu asichambue, atawapikia maskini mawe."

"Macho yangu yanayashinda meno yako!" akajibiwa.

Siku ile wakagombana juu ya chumvi. Dengu ziliungua kidogo, maskini wakala wakashiba. Nyumba nzima ilinuka moshi, na Raihana alisema baadaye kwamba hajapata kunusa harufu nzuri kuliko ile.

Lakini kwa Bi Umaima mambo yalikuwa yamekwisha kuchelewa. Raihana alimletea pamba safi, akamkalisha dirishani, akamwegemeza kifuani kwake. Vidole havikukubali. Mzee alianza, pamba ikaanguka. Akaanza tena, ikaanguka tena. Raihana alinyoosha mkono ili amsaidie, kisha akakumbuka, akaurudisha.

Kutoka adhuhuri hadi alasiri, Bi Umaima alisokota utambi mmoja. Ulikuwa mnene huku, mwembamba kule, umepinda kama mzizi.

"Mbaya," alisema, akautazama.

"Nitaupeleka mwenyewe, mama."

"Usiunyooshe."

"Sitaunyoosha."

Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, Bi Umaima alifariki dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa Raihana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jioni baada ya mazishi, taa zilipowashwa kwa sala ya magharibi, taa moja ilitoa moshi na kucheza cheza. Mtu mmoja aliinuka ili abadilishe ule utambi. Shehe Mundhir alimzuia kwa mkono. "Uache," alisema. "Huo umeshapokelewa, inshallah." Nyuma ya pazia Raihana aliitazama ile taa mpaka mafuta yakaisha.

Aliitunza nyumba ile miaka mingi mingine, na hakuna mzee aliyekaa humo bila kitu chake cha kufanya, hata kama ni kuwamwagia ndege maji. Alipozeeka naye alihamia chumba cha Bi Umaima. Alikuwa akijifunika lile blanketi bovu, na alipofariki walilitandika juu ya jeneza lake, upande uliochomolewa ukining'inia, kwa kuwa ndivyo alivyousia.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tuna mzee nyumbani, au tutakuwa naye. Tunamlisha, tunamfulia, tunamwambia akae apumzike, na tunajiona tumemaliza. Jioni tukikaa naye tumwulize amekula nini, ni vizuri. Tumwulize pia leo ametoa nini, na kama hakuna, tujitazame mikono yetu, huenda kitu chake tumekishika sisi. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atusamehe yale tuliyowanyang'anya kwa mapenzi. Amin.