Nyuzi za Leso Angani

Akung'utaye pasipo upepo huvaa vumbi lake.

Mmeisikia methali hiyo leo hapa matangani, mzee Jillo alipowanyamazisha waliokuwa wakibishana ni nani aliyechelewa kumpeleka baba yenu hospitali. Mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka kwa baba yenu mwenyewe, Komora, ndugu yangu, na chanzo chake ni hiki.

Baba yenu alikuwa miongoni mwa walioiongoza setilaiti ndogo iliyoundwa ili iutazame mto wetu na kutuonya kabla ya mafuriko. Siku ya kuiaga, nyanya yenu aliifunika leso mpya, kama anavyofunikwa bibi harusi. Hakuna aliyemkataza. Hata wakubwa walipiga vigelegele.

Ilipofika angani ikapotea mwelekeo. Ilikuwa na kamera ya kutazama nyota, ili ijue imeelekea wapi. Lakini nyuzi za leso zilikuwa zimenasa mikunjoni mwake. Zikachomoka, zikaelea kando yake zikimetameta juani, nayo ikazidhani nyota.

"Izungusheni, zipukutike," akaamuru mkuu wao, Mwachofi.

Wakaizungusha, zikatoka nyingine. Wakaizungusha tena. Betri ikazidi kuisha, na huku mvua ilikwishaanza kunyesha milimani.

"Mara moja tu," akasema Mwachofi. "La sivyo, Komora, kamwite mama yako aje na ufagio!"

Wenzake wakacheka. Baba yenu alikuwa amechoka mno hata hakuweza kukasirika.

"Mkuu, hapa chini ukikung'uta nguo, upepo huchukua vumbi. Kule hakuna upepo. Tunachokitoa kinabaki kimeizunguka. Tuiache itulie."

"Na betri ikifa?"

"Tukiizungusha tena, itakufa kweli."

Mwachofi akaketi. Wakakaa wakiitazama skrini bila kugusa kitu, na sijui kazi inayochosha kama hiyo. Nyuzi zikaachana nayo polepole, moja moja, mpaka zikabaki nyota zenyewe, nayo ikajua imeelekea wapi, ikaugeukia mto. Onyo likafika mtoni, nasi tukahama na mbuzi wetu kabla ya maji.

Nyanya yenu alipokuja kuomba radhi, baba yenu alimkatiza. "Mama, basi. Tusiikung'ute tena."

Sasa yumo ardhini, na huko uani bado wanatafutana makosa. Mimi sina nguvu ya kwenda kuwajibu. Sogeeni, mkae hapa nami, tutulie. Akung'utaye pasipo upepo huvaa vumbi lake.