Pilau la Upatanisho

Wapendwa, fungeni kwanza hivyo vitabu, viwekeni mapajani. Leo sitaanzia madhabahuni, nitaanzia jikoni. Na nyie akina baba msitazame saa, jambo hili linawahusu.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, kwenye vilima vya baridi, huko ambako mvua za kwanza zikinyesha msitu mzima unachipua uyoga. Mama huyu alijua kupika. Pilau lake la uyoga lilikuwa na sifa: mtu alikuwa akipita zake barabarani, harufu inamfikia, ghafla anakumbuka kwamba hajamjulia hali huyu mama siku nyingi. Kwenye harusi, kwenye kipaimara, sufuria lake ndilo lililokuwa likiisha la kwanza.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Na walikuwa na mama yao, bibi kizee, presha juu, miguu imevimba. Bibi huyu aliishi kwa dada mkubwa. Dada ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemgeuza kitandani. Mdogo mtu alikuja mara chache. Kila mara alikuwa na sababu, na sababu zake zilikuwa za kweli, lakini ndiyo hivyo, hakuja.

Jioni moja bibi akasema, "Mwanangu, nina hamu ya pilau la uyoga." Binti akapika. Wakala wote, bibi, binti na wajukuu, sinia moja. Asubuhi bibi hakuamka.

Mdogo mtu akafika msibani amechelewa, analia, na ndani ya kile kilio kulikuwa na aibu ya mtu aliyesema atakuja kesho, kesho ikaisha. Uchungu wa namna hiyo, wapendwa, hutafuta mtu wa kuubeba. Akasimama katikati ya waombolezaji, akamnyooshea dada yake kidole: "Dada, mama alikuwa mzima. Jana amekula kwako. Ulimlisha nini?"

Basi. Hakusema zaidi ya hapo. Daktari alieleza kwamba moyo wa bibi ulikuwa umechoka. Nani alimsikiliza daktari? Wajukuu walikula sinia hilohilo, na asubuhi walikuwa wakikimbizana uani. Nani aliwatazama?

Tangu siku ile, hakuna aliyemwita yule mama mchawi. Hapana. Sisi watu wa kanisa hatusemi maneno hayo. Sisi tunasema, "Nimeshiba, mama, Mungu akubariki." Sikukuu ya kwanza alileta hotpoti lake, akarudi nalo kama alivyolileta. Akadhani watu wameshiba kweli. Sikukuu ya pili ikawa vilevile. Ya tatu, kabla hajaleta kitu, wakamwita pembeni kwa upole: "Mama, safari hii utatusaidia kuosha vyombo."

Akaosha. Watu walikula, yeye akaosha.

Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Mchungaji wao akaona hii haifai. Jumapili moja akawaita mbele wote wawili, dada na mdogo. Akawaombea, akawashikanisha mikono. Wakakumbatiana, kanisa zima likasimama, vigelegele mpaka mabati yakaitika. Na mdogo mtu akasema kwa sauti, kila mtu akisikia:

"Dada, nilikosa. Nipikie lilelile pilau la mama, nije nile."

Dada akamwangalia. "Kweli utakula?"

"Nitakula, dada. Nani mwingine wa kunipikia kama wewe?"

Nyie mlio na watu waliowahi kuwakataa, mnaelewa mwanamke yule alirudi nyumbani na moyo wa namna gani. Alfajiri akaingia msituni mwenyewe, umande mpaka magotini. Akachuma uyoga ule aliofundishwa na mama yake, mmoja mmoja, akigeuza kila kofia kutazama chini yake, na wowote aliokuwa na mashaka nao hata kidogo akauacha palepale. Akauosha, akauchemsha, akamwaga maji ya kwanza. Akapepeta mchele mwekundu wa bondeni, ule mgumu unaohitaji subira. Akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia, akatia saumu na tangawizi, bizari, iliki, mdalasini. Akatia uyoga, ukalia kwenye mafuta. Akatia mchele, akaugeuza taratibu, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko. Watoto wake wakaja wakasimama mlangoni na pua zao. Akawaambia, "Subirini, wanangu. Leo wageni kwanza."

Wageni wakaja. Mdogo mtu, mama mchungaji, na akina mama wengine wa kanisa. Wakakaa. Wakaomba sala ndefu, nzuri, ya kuwataja wazee na marehemu. Akapakua.

Mmoja akasema yuko kwenye mfungo. Mwingine akasema tumbo lina gesi tangu jana. Mama mchungaji akasema ametoka kunywa chai sasa hivi. Na mdogo mtu? Mdogo mtu alichukua kijiko, akakiingiza kwenye wali, akausogeza huku, akausogeza kule. Kisha akaweka kijiko chini.

"Dada, linanukia vizuri mno. Nifungie nikale na shemeji yako, nisije nikala peke yangu kama mchoyo."

"Na mimi nifungie," akasema wa pili. "Na mimi."

Mnadhani alikasirika? Alifurahi! Akatafuta makopo na mifuko, akafungasha, akakwangua sufuria mpaka chini, hata ukoko akaugawa, kwa sababu mama mchungaji alisema anapenda ukoko. Akawasindikiza mpaka njia panda, akarudi anaimba.

Ndani akakuta mdogo wake amesahau kitenge chake kwenye kiti. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na kule kwetu ukungu ukishuka mtu asiye na kitenge anatetemeka. Akakichukua, akateremka mbio kuwawahi.

Akawakuta darajani. Makopo yalikuwa wazi. Wali ulikuwa unaelea mtoni, mwekundu, na uyoga wake, na samaki walikuwa wanaudonoa. Mdogo wake alikuwa ameinama anakwangua kopo lake. Alikuwa anakwangua kwa kijiti, wapendwa. Hakutaka hata kugusa kwa kidole.

Wakageuka, wakamwona.

"Dada," mdogo mtu akaanza, "wenzangu ndio waliosema… si kwamba mimi…"

"Umesahau kitenge chako," dada akasema. "Vaa. Kuna baridi."

Akamkabidhi, akapanda kilima. Watoto wake siku hiyo walilala na uji, maana pilau lote alikuwa ameligawa.

Mdogo mtu naye hakupona. Aibu ile ilimkaa kooni. Kila akipika kwake, akifunua sufuria anamwona dada yake amesimama darajani na kitenge mkononi. Miezi ikapita. Siku moja akaamka, hakumwambia mumewe wala mama mchungaji, akavuka mto peke yake, akabisha hodi.

"Dada, nimekuja kula. Chochote. Hata kiporo."

"Karibu, mdogo wangu. Keti."

Alikaribishwa vizuri. Akapewa kiti kizuri, akamiminiwa maji ya kunawa. Dada akaingia ndani, akakawia kidogo, akatoka na sinia limefunikwa kwa kawa. Akaliweka mezani, akafunua.

Palikuwa na mayai ya kuchemsha, na maganda yake. Ndizi mbivu, na maganda yake. Na chupa ya soda, kizibo hakijaguswa, kifungulio pembeni.

"Yai lina ganda," dada akasema, "na ndizi ina ganda. Sina pa kutilia kitu. Menya mwenyewe, ule kwa amani."

"Dada, nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile kanisani. Kula."

Akatoka uani akaendelea kufua. Mdogo mtu akabaki na yai mkononi, hawezi kulimenya, hawezi kulirudisha.

Na pilau lile, wapendwa, halikupikwa tena nyumba ile. Mpaka mama yule anazikwa, halikupikwa.

Naona mnatikisa vichwa. Wengine mnasema, huyu dada naye moyo wake mgumu. Haya, ni mgumu. Lakini niambieni, nani aliufanya mgumu? Sisi ndio tuliopiga vigelegele siku ile. Sisi ndio tuliofungua makopo darajani.

Maana sisi tumejifunza kusamehe kwa mdomo unaosema. Mdomo unaokula bado haujaokoka! Kijana ametoka gerezani, tumempa mkono hapa mbele, tumemwimbia; nani kati yetu amemwachia duka alinde hata akaenda msalani? Kuna dada hapa kwetu anameza dawa kila siku, tunamwita mpendwa; lakini kikombe chake, pale nyumbani kwako, si umekitia alama chini? Usinitazame hivyo. Wewe unakijua kikombe hicho.

Tunamkumbatia mtu mbele za watu, kisha darajani tunamwaga. Na tunadhani haji nyuma yetu. Anakuja! Anakuja amebeba kitenge chetu, anatuhurumia kwa baridi.

Meza ya Bwana imeandaliwa hapa. Kabla hujasimama kuijongea, mtaje moyoni yule mmoja ambaye huwezi kula kwake. Unamjua. Koo lako linamjua. Ukiona koo linakataa, usije hapa mbele leo. Hakuna atakayekuuliza. Toka kwa mlango ule, uende kwake, ukabishe hodi.

Na uende na njaa.