Picha Moja Kwenye Ukungu wa Ugweno

Aliye mbali asogee, aliye karibu anyamaze. Maneno haya yana watu wanne tu, na mkipiga kelele mtampoteza mmoja kwenye ukungu.

Juu huko milima ya Upare, upande wa Ugweno, aliishi mama akiitwa Nakiete. Alizaa watatu. Nakijwa, kifungua mimba, fundi cherehani wa Tanga, alijaliwa jicho la kuweka akiba: kitambaa kikibaki kipande cha kiganja, yeye ameshajua kitamfaa nani. Mbonea, wa pili, dereva wa malori ya masafa, alijaliwa mikono ya kutuliza kila kinachotikisika. Nanzia, kitinda mimba, hakuwahi kuhama mlimani, na alijaliwa kujua hewa itafanya nini kabla hewa yenyewe haijaamua.

Aliyesemwa sana ni Mbonea. Miaka arobaini na moja, hana mke! Tena kila anakopita, Tunduma, Rusumo, kwenye mawe ya Singida, hujipiga picha peke yake. Alikuwa na kistendi cha kamera kisichozidi shubiri, kinaingia mfuko wa shati. Miguu yake mitatu ilikuwa ya vifundo vifundo, waipinda utakavyo, nayo hushika kama kinyonga alivyokamata kijiti. Alikizungusha kwenye mkono wa kioo cha lori, kwenye reli ya daraja, kwenye tawi la mgunga. Kisha hukimbia mbele na kutabasamu.

"Hicho ndicho mkeo," walimtania wenzake.

"Na hakinuni," akawajibu.

Lakini ukizitazama zile picha, utaona hakuwahi kusimama katikati. Alisimama pembeni kidogo, kama anayemngoja mtu aliyechelewa.

Siku moja Mama Nakiete akawaita wote watatu. Presha ya macho ilikuwa inamla, na daktari alisema mwanga uliobaki hautamaliza mwaka.

"Sitaki khanga, sitaki mbuzi," alisema. "Nataka picha ya karatasi, ya kushika. Hizo za simu kioo kinanichoma. Na tuwemo wote. Marehemu baba yenu alikuwa yeye na kamera, kila picha kaipiga yeye, na hamna hata moja aliyomo. Sasa nikimwota anakuja amenipa kisogo. Sura yake nimeipoteza. Sitaki mwingine apotelee nyuma ya kamera."

"Si tumwite jirani apige?" Nakijwa akauliza.

"Jirani yupi? Yule aliyetukata vichwa siku ya kipaimara chako? Na bado akaenda kusimulia soko zima viatu tulivyovaa!" Mama akatikisa kichwa. "Atakayetutia wote wanne kwenye karatasi moja, kwake ndiko nitakakokwenda kuishi, na picha ikae ukutani kwake. Picha na mimi hatutaachana."

Basi hapo kila mmoja alitamani mama aende kwake. Nakijwa alikuwa na nyumba kubwa na binti aliyeolewa, vyumba vinarudisha mwangwi. Mbonea alikuwa na chumba Himo chenye viti viwili, na kimoja hakijawahi kukaliwa. Nanzia alikuwa na mama mwenyewe, na hakujua asubuhi inaanzaje pasipo kikohozi chake.

Nakijwa alileta kamera, ndogo, nyepesi kama andazi, ya kutoa picha papo hapo. Ndani ilibaki karatasi moja, na dukani hazikupatikana tena. Siku ya kumuaga binti yake watu waliililia ile karatasi, bi harusi mwenyewe akalia. Nakijwa akakataa. Mpaka leo binti hampigii simu.

Mbonea alileta kistendi. Tena alikuwa amekisahau Singida, kwenye mgunga, akakumbuka akiwa karibu kufika nyumbani. Akarudi siku nzima. Alikikuta mvuani, kimeushika mti vilevile, kinadondosha maji, akakifuta kwa shati lake.

Nanzia alileta subira. Siku tatu ukungu ulilala uani, mtu akinyoosha mkono vidole vinapotea. Ndugu zake walitaka kupiga tu waondoke. Akasimama mlangoni.

"Mkipiga sasa mtapata picha ya shuka."

"Wewe hutaki tuipige kabisa!" Nakijwa akamchoma.

"Ningekuwa sitaki, dada, ningewaacha mpige."

Asubuhi ya nne akatoka jikoni. "Moshi umeacha kutambaa, unapanda. Mtoeni mama."

Nje kulikuwa kweupe kwa ukungu, wakatembea kama watu walioingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Ua wote ni mteremko. Juu ya jiwe kamera iliteleza, juu ya kinu iliona miguu tu. Mbonea akazungusha miguu miwili ya kistendi kwenye tawi la mbuni wa kahawa, wa tatu akaukamatisha kwenye mti wa uzio. Tawi likainama, likatetemeka. Akaliwekea kiganja mpaka likatulia, kama anayembembeleza mtoto.

"Kaka, bonyeza sasa hivi!" Nanzia akasema, naye haoni hata pua yake.

Mbonea akabonyeza, akakimbia mbele, maana kamera hungoja sekunde kumi. Ya tisa, ukungu ukafunguka. Jua likamwagikia uso wa mama, na nyuma yao theluji ya Kilimanjaro ikaelea angani bila kushikwa na chochote. Kamera ikalia, tiki. Ukungu ukafunga.

Karatasi ilitoka tupu. Mama akaifunika kwa khanga yake, wakangoja bila kupumua. Taratibu kikaja kilemba, yakaja meno ya Nanzia, ikaja theluji, yakaja mabega. Mbonea alikuwa katikati, amebanwa huku na huku. Mama akaisogeza mpaka karibu na kope.

"Nakijwa huyu. Mbonea. Nanzia. Na huyu bibi kizee ametoka wapi?" Wakacheka mpaka wakalia, au walilia mpaka wakacheka, ukungu haukuonyesha vizuri.

"Haya," akasema mama, "nifungashe kwenda kwa nani?"

"Bila karatasi yangu mngepiga nini?" alisema Nakijwa.

"Na bila kistendi, mmoja wetu angekuwa nyuma ya kamera," alisema Mbonea.

"Na bila mimi," alisema Nanzia, "mama angeshika ukungu."

Kuikata vipande vitatu haiwezekani, maana utawakata watu. Kupokezana mama miezi miezi naye hataki, anasema nyumba anayoijua kwa vidole lazima iwe moja, kabla giza halijafika. Na usimpendelee Mbonea kwa kuwa umemsikia zaidi.

Mzigo uko mlangoni, picha iko kifuani kwa mama, na watoto watatu wamenyoosha mikono. Je, wewe ungemshikisha mama mkono wa nani?