Mzeituni Ulioachishwa Ziwa

Geuzeni kwanza hilo jani mnalolichezea, ndipo mniulize kwa nini kibuyu hiki nakifukiza kwa kaa la mzeituni na si la mti mwingine. Juu kijani, chini jeupe, sivyo? Basi zamani, enzi ambazo hata bibi yangu alisimuliwa tu, jani hilo lilikuwa kijani pande zote mbili. Mzeituni wa mlimani kwetu ulikua wima tena upesi, na tunda lake lilikuwa tamu, watoto wakiligombania na ndege. Kwa kuwa ulikua upesi, watu waliukata ovyo, utadhani hautakwisha.

Ukaisha. Mwaka wa kiangazi kikali moto uliupanda mlima, na ulipozimika hapakuonekana mzeituni hata mmoja. Watu walishika vichwa. Vibuyu vya maziwa walivifukiza kwa mti huo tangu kale, nao sasa wakajaribu kuni hizi na zile. Maziwa yakanuka, watoto wakaendesha, na wengine wakafa mikononi mwa mama zao.

Alikuwako Resiato, mke wa Lemayian, mwenye binti mmoja tu, Seleina, ndiyo kwanza amemwachisha ziwa. Huyo ndiye aliyeokota kokwa za mzeituni kwenye vinyesi vya njiwa, chini ya jabali ambako moto haukufika. Akazifukia nyuma ya nyumba yake, karibu kabisa na ukuta. Ukachipua mche mmoja, na mlima mzima ukaja kuutazama.

Sasa, wale walikuwa wafugaji tangu babu zao, jembe hawalijui. Kiumbe kichanga walichojua kukilea ni ndama au mtoto, basi. Resiato akaulea mche vivyo hivyo: akaupa jina, akauimbia, akauzungushia miiba, na kila asubuhi akaumiminia maziwa shinani. Tusimsingizie, yalikuwa ya fungu lake mwenyewe. Mche ukafumuka! Leo uko magotini, kesho kiunoni, mara umepita paa na kuzaa. Watu wakamsifu Resiato na kichwa kikamvimba, na nani kisingemvimba?

Kisha ng'ombe wakapungukiwa maziwa, Resiato akaacha kuumiminia mti. Alijiambia umeshakuwa mkubwa, utajitafutia. Kidogo kilichokamuliwa jioni kikawekwa katika kibuyu cha Seleina, ukutani karibu na kitanda, ili anywe akiamka. Lakini kila asubuhi kibuyu kilikutwa kitupu, kifuniko kiko kando. Mtoto akakonda, akaacha kucheza, kisha akaacha hata kulia.

Nyumbani mle alilala pia mama yake Lemayian, bibi Noonkishu, kibogoyo aliyependa maziwa kuliko chakula kingine chochote. Resiato alimtazama siku ya kwanza, akamtazama ya pili, uzalendo ukamshinda. Akamwambia mbele ya Lemayian:

"Mama, unamnywea mtoto maziwa yake."

Kwetu mkwe hatamkiwi hivyo, hata angekuwa amekosa kweli. Noonkishu alichukua ngozi yake ya kulalia akatoka, akaenda kulala na ndama.

Asubuhi iliyofuata Resiato aliamka mapema kuliko kawaida. Akashika kibuyu. Hakikuinuka. Akavuta kwa nguvu, nacho kikamvuta yeye! Mwanga ulipoingia mlangoni akaona: mdomoni mwa kibuyu umezama mzizi mweupe, mnene, uliotambaa kutoka chini ya ukuta, na mzizi ule ulikuwa unameza. Gu, gu, gu, kama ndama.

Yowe alilopiga liliamsha boma zima. Akaketi chini. Mzizi ulimtisha, ndiyo, ila kilichomkausha damu ni lile neno alilomtupia mama mkwe, kwa maana neno halirudi mdomoni.

Watu wakajaa, wakaona, hakuna aliyeamini macho yake. Lemayian alikwisha chukua shoka. Nusu ya watu wakamwambia kata, nusu wakamlilia asikate: mti huu ukianguka, watoto wa mlima mzima hawana tena kibuyu salama. Na ukiachwa, wa kwanza kwenda ni Seleina. Resiato aliutazama mti alioupa jina, akamtazama mwanawe, asiweze kusema kata wala usikate.

Shoka lilipoinuka, mkono mkavu ukashika mpini. Alikuwa Noonkishu. Akamgeukia mkwewe.

"Umeulea kama mtoto, mwanangu. Uachishe ziwa kama mtoto."

Kila mama pale alielewa. Resiato akakimbilia shubiri, akavunja majani yake machungu, akaupaka mzizi tangu mdomoni mwa kibuyu hadi shinani, machozi yakimtiririka, kama alivyolia alipojipaka shubiri matitini ili Seleina asinyonye tena.

Mti ukaonja. Nyie, watu walirudi nyuma! Shina lilijinyonga huku na huku likapasuka mbavu. Uchungu ukapanda ukaingia matundani. Maziwa yaliyoibwa yakakimbilia juu, yakakosa pa kwenda, yakajificha chini ya majani. Mzizi ukajivuta ukarudi ardhini, na tawi moja likakauka papo hapo. Resiato akamwendea Noonkishu, akainamisha kichwa kama mtoto anayeamkia. Mkono wa bibi ulichelewa, lakini ulikuja, ukatua kichwani pake. Kisha wakalichoma lile tawi pamoja, wakafukiza kibuyu kipya, na maziwa hayakunuka. Seleina akanywa.

Na tangu siku hiyo mzeituni wetu umejinyonga shina, tunda lake ni chungu, na hukua polepole, maana unakula udongo mtupu. Anayepanda mche humwagilia maji, akijua kivulini mwake watakaa wajukuu. Hatuukati, tunaokota tawi lililokauka. Kaa lake ndilo hili ninalolitia kibuyuni. Linapita mdomo uleule aliopitia mwizi, ila sasa linaingia kwanza, linayaandalia maziwa mahali, kisha linatoka bila kuonja hata tone.