Kompyuta Imelala, Subira Yu Macho

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, msinitolee macho, alikuwepo mtoto Subira, mama yake kaenda ng'ambo kufanya kazi. Kila alasiri mama hupata upenyo mdogo wa kumpigia kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe kuukuu: ukiizima kabisa huwaka polepole kama kuni mbichi, mama keshaitwa kazini. Basi asubuhi ikishatumika hulazwa tu bila kuzimwa, isimalize umeme wa sola.

Lakini sasa hailali. Hailali wala haiamki, inachemka tu kama chuma cha chapati. Alasiri sola imekwisha, na Subira anakikodolea kioo cheusi.

Shangazi yake, Mwanaidi, akaacha shughuli zake. Akafunga programu hii, akailaza kompyuta, ikakwama. Akafunga ile, akailaza, ikakwama. Alipofunga intaneti, ikalala kama kichanga. Ila ilipoamka, intaneti haikurudi. Na bila intaneti, mama hayupo.

Mjomba Kombo akakaa kusoma kumbukumbu ilizojiandikia mashine tumboni mwake. "Shemeji, humu mna programu mbili, kama watumishi wawili. Msimamizi wa usingizi kashika mlango, anamngoja wa intaneti amalize. Wa intaneti anangoja mlango ufunguliwe ndipo amalize."

Mmoja ana kinu, mwenziwe ana mchi, kila mtu anasema nipe chako kwanza. Mtama utatwangwa lini?

Kombo akaipanga upya programu: wa intaneti amalize, ndipo mlango ushikwe. Mashine ikalala, ikaamka, mama akatokea. Baadaye akatuma kanga anayojifunika mwenyewe, haijafuliwa, ina harufu yake, na neno: "Aliyenirudisha kwa mwanangu, mmoja huyo, amfunike badala yangu."

Mwanaidi akashika pindo. "Bila mimi ungesoma mpaka ndevu zikaota mvi. Mimi ndiye niliyekuonyesha pa kutazama. Na machozi ya mtoto huyu nimeyafuta mimi."

Kombo akashika pindo la pili. "Na bila mimi ungekuwa bado unaifunga na kuifungua kama mwizi anayejaribu milango. Aliyeitengeneza ni mimi. Na kanga hii ni ya dada yangu."

"Achia, shemeji, nimfunike."

"Achia wewe, nimfunike mimi."

Kompyuta imelala zake mezani. Subira yuko mkekani katikati yao, macho wazi, pua juu akiinusa kanga.

Msiniambie wamfunike wote. Mama kasema mmoja. Haya, nyie mliojaa maneno: nani alistahili kumfunika mtoto, na nani aachie kwanza?