Siku Bi Mashavu Alipotandika Mikeka Minane

"Nawa mikono!"

"Sinawi, Bibi."

"Kwangu mtu hali bila kunawa."

"Mimi na maji hatupatani. Nimekwambia tangu nilipoingia."

"Maji hayajawahi kugombana na mtu," alisema Bi Mashavu, akainua birika na kummiminia mgeni wake Sodiamu mikononi.

Kishindo kikalia. Moto wa manjano ukaruka, ukashika makuti ya upande wa jikoni. Wageni wakauzima kwa mchanga, na moshi ulipotulia Bi Mashavu aliketi chini, birika tupu mapajani. Hadi mwaka ule nyumba yake ilikuwa imeshika moto mara tatu, na mara zote tatu ni katika karamu ya jamaa wa elementi. Makuti mengine hakuwa nayo. Ikiungua tena, atalala wapi?

Siku hizo elementi waliketi popote walipopenda. Kila mmoja alikuja na watoto wake, na watoto walikula kwa masinia: sinia dogo la ndani la watoto wawili, kisha la wanane, kisha jingine la wanane. Sinia la nje lisipojaa, mzazi hatulii. Bi Mashavu alilijua hilo, lakini kila mwaka alijidanganya kwamba watu wazima watajipanga wenyewe.

Hawakujipanga. Sodiamu alikuwa na mtoto mmoja tu kwenye sinia lake la nje, na mtoto huyo alilia mchana kutwa akitaka kwenda kwingine. Potasiamu, nduguye, alikuwa na shida hiyo hiyo, tena yeye aliwaka upesi zaidi. Klorini alikuwa na watoto saba na nafasi moja wazi, kwa hiyo alimvuta mtoto wa yeyote aliyepita karibu. Neoni, mwenye wanane kamili, aliketi kimya. Hakuazima kitu wala hakuazimwa, na ukimsalimu aliitika kwa kichwa.

"Wewe umeshiba, huwezi hata kunisaidia kuwatuliza wenzako?" Bi Mashavu alimuuliza.

Neoni akatikisa kichwa.

"Haya. Simameni wote!"

Akatandika mikeka minane, mmoja kwa kila idadi ya watoto wa nje, kuanzia mmoja hadi wanane. Wenye mtoto mmoja wa nje aliwaweka ukuta wa kushoto, mdogo wa ukoo mbele, na nyuma yake wakubwa kwa kufuatana, maana kadiri ulivyorudi nyuma ndivyo hasira ilivyozidi. Wenye watoto saba aliwapeleka mbali, karibu na ukuta wa kulia, na walioshiba akawaweka ukutani kabisa, wasisumbuliwe. Chuma, Shaba na Dhahabu walipewa nafasi pana ya katikati. Haidrojeni alimchosha kweli kweli: mtoto ni mmoja kama kina Sodiamu, lakini tabia si zao. Mwishowe alimkalisha mbele ya mkeka wa kwanza, akamwambia asiulize kitu.

Kisha akamshika mkono yule mtoto mmoja wa Sodiamu, akavuka naye chumba kizima, akamketisha penye nafasi wazi ya Klorini. Sinia la Klorini likajaa. Sodiamu naye, sinia lake la nje likiwa limeondoka, akabaki na lile la ndani lenye wanane, akashusha pumzi. Wakali wale wawili wakaegemeana kama ndugu. Pale walipoegemeana pakadondoka punje nyeupe. Bi Mashavu akaionja, akakimbia nayo jikoni, na kwa mara ya kwanza wali ukawa na ladha.

Na tangu siku hiyo elementi hukaa kwa safu, na anayejua safu ya mmoja hujua tabia ya jamaa zake. Tangu siku hiyo Sodiamu hahifadhiwi ila ndani ya mafuta, asiguswe na maji, Neoni na wenzake hawaingilii ya watu, na sumu ya Klorini ikikutana na moto wa Sodiamu tunapata chumvi ya mezani.

Karamu ilipokwisha, Sodiamu alikuwa wa mwisho kuvaa viatu.

"Bibi," aliuliza, "na mwakani nikichoka kukaa mkeka ule ule?"

Bi Mashavu alishika mlango, akamtazama.

"Choka ukiwa umekaa."